Ukoko wa Matundu Sita

Risasi ziligoma kuingia. Vernell Tolbert aliisukuma ya kwanza kwa kidole gumba, ikaingia karibu yote, ikabakiza kitako nje, unene wa kucha tu. Akajaribu tundu la pili. Vilevile. La tatu, vilevile. Wanaume saba waliopanga mstari pamoja naye walikuwa wameshajaza silinda zao na kuzifunga. Walitazama mbele kwenye karatasi za shabaha, lakini masikio yote yalikuwa kwake.

"Bi Tolbert," akaita Bwana Kirkland, mkufunzi, askari mstaafu wa barabarani mwenye tumbo gumu na kofia ya majani. "Tunakungoja wewe tu."

"Zinakwama, bwana."

"Zinakwama, au hujui zinaingia upande gani?"

Kijana mmoja mwisho wa mstari akacheka. Jina lake Dewey, na ndevu zilikuwa hazijamkaa vizuri bado.

Kirkland akaja, akaichukua bastola, akazimwaga risasi kiganjani. Akainua silinda kwenye mwanga, akachungulia tundu moja baada ya jingine. Alipomaliza hakuwa na mzaha tena usoni.

"Ya nani hii?"

"Ya mume wangu."

"Anapigia risasi gani?"

"Zile fupi. Ni za bei rahisi. Tunapigia makopo nyuma ya nyumba. Mimi pia nimefanyia mazoezi hizo hizo."

"Kwa miaka mingapi?"

"Yeye? Kumi na miwili hivi."

"Ninyi wote, njooni mwone," Kirkland akasema, na bastola ya Vernell ikapita mkono kwa mkono, kila mwanaume akichungulia kama anayetazama meno mabovu ya mtu mwingine. "Bastola hii inakula risasi fupi na ndefu. Ile fupi ikilipuka, masizi yanaganda pale inapoishia. Piga fupi miaka nenda miaka rudi bila kusugua, masizi yanakuwa pete. Siku ukitaka kutia ndefu, inagonga kwenye pete na kusimama. Huyu bibi angeilazimisha kwa nyundo, kisha akafyatua..." Akamgeukia Vernell. "Hospitali inataka ndefu, na inataka upige na silaha utakayovaa. Leo Jumatano. Ijumaa saa tatu asubuhi nina jaribio jingine. Ukija na bastola safi, utapiga. Usipokuja, kazi anapewa anayefuata kwenye orodha."

Vernell hakuuliza anayefuata ni nani. Dewey alikuwa ameshaanza kutazama viatu vyake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kulinda mlango wa hospitali ya wilaya, umevaa sare, unakaa kwenye kiti ukichoka. Baada ya miaka kumi na mitano ya kupasua kambare kiwandani, akisimama kwenye maji baridi na kisu chembamba, samaki mmoja kila sekunde chache, mikono ya Vernell ilikuwa imekufa kuanzia kiwiko. Vidole viwili vya kulia havikuhisi kitu. Daktari wa kiwanda alimwambia arudi kwenye mstari wa samaki au aende nyumbani, naye akaenda nyumbani. Bado aliweza kukamata mpini kwa mikono miwili na kuvuta kifyatuzi, na shabaha alikuwa nayo. Kufunga vifungo vya gauni ndiyo ilikuwa shida.

*

Njiani alipitia duka la silaha la Bwana Gaddis. Wanaume wawili walikuwa wameegemea kaunta wakinywa soda. Waligeuka alipoingia.

"Mumeo anajua umetoka na chombo chake?" Gaddis akauliza.

"Anajua, bwana. Ningependa tu kujua kama inasafishika."

Gaddis akachungulia tundu moja, moja tu, akairudisha. "Hicho si uchafu. Hapo chuma kimeshaliwa. Unataka silinda mpya. Nikiagiza, wiki sita."

"Sina wiki sita."

"Basi sina la kukusaidia."

"Jaribu sabuni ya vyombo, shangazi," akasema mmoja wa wale wawili, mtu mzima kumzidi yeye kwa miaka kumi. Mwenzake akapaliwa na soda kwa kicheko.

Vernell akanunua chupa ya dawa ya kusafishia na brashi ndogo ya shaba. Alinyoosha mkono kupokea chenji, Gaddis akaiweka juu ya kaunta. Kwa vile vidole vyake visivyohisi, ilimchukua muda kuziokota sarafu, moja moja, wale watatu wakimtazama mpaka akatoka.

*

Hosea aliporudi kutoka kiwanda cha mbao, na vumbi la msonobari kwenye nyusi, alikuta bastola imelala mezani juu ya gazeti. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Mimi nilikuwa naisafisha," akasema.

"Ulikuwa unasafisha mtutu."

"Mtutu ndiyo bastola, Nell!"

"Basi kesho kutwa nitapeleka mtutu peke yake."

Akavuta kiti, akachukua brashi mpya, akaipitisha tunduni. Ilipita kama kidole kwenye pete kubwa, haikugusa popote. Akaipitisha mara ishirini. Akainua silinda kwenye taa, na ile pete nyeusi ilikuwa pale pale, ngumu, inang'aa kama lami. Akatukana kwa sauti ya chini, akainuka, akarudi na bisibisi nyembamba.

"Weka hiyo chini."

Wote wawili wakageuka. Mama Ola, mama yake Hosea, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kunde alizokuwa akizimenya barazani. Alikuwa ameishi nao miaka mitano, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na mmoja, mpole kwa mkwewe kama mtu anavyokuwa mpole kwa mwenye nyumba ya wageni. Bastola hakuipenda. Ikitolewa, yeye hutoka. Vernell akifanya mazoezi, Mama Ola hufunga dirisha na kupandisha redio.

"Ukikwaruza chuma ndani," akasema, "ganda la risasi litang'ang'ania kwenye mikwaruzo. Hapo hata shetani hatalitoa."

"Mama," Hosea akasema, bisibisi ikiwa hewani, "umeyajulia wapi hayo?"

Mama Ola akatazama kunde zake kana kwamba ndizo zilizoulizwa. Kisha akaenda chumbani kwake, na mlango ukafungwa.

*

Alhamisi asubuhi Hosea alikwenda kazini. Vernell akakaa peke yake jikoni na chupa yake. Alisugua tundu la kwanza kwa nusu saa. Mkono ukaanza kuwaka, halafu ukaacha kuwaka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, na brashi ikamtoka ikaanguka chini bila yeye kujua kwamba ameiachia. Akaiokota. Ikaanguka tena. Mara ya tatu hakuiokota. Alikaa tu akiitazama pale sakafuni.

"Sogea," akasema Mama Ola.

Alikuwa amevaa aproni ya zamani ambayo Vernell hajawahi kuiona, nyeupe iliyogeuka manjano.

"Mama Ola, si lazima. Najua hupendi..."

"Risasi ziko wapi?"

"Kwenye droo hiyo."

"Zipeleke chumbani. Zote. Ufunge mlango."

Vernell aliporudi alimkuta bibi amefungua silinda na anatia kidole chake kidogo katika kila tundu, akihesabu kimoyomoyo mpaka sita. Akarudia kuhesabu. Hapo ndipo alipokaa.

"Wewe umekuwa ukisugua pakavu," akasema. "Huu ni ukoko. Umepika wali ukaungua, unaanza kukwangua hapo hapo? Si unaloweka kwanza?"

"Ninaloweka."

"Basi."

Akaziba matundu upande wa mbele kwa pamba aliyoisokota ikakaza, akaisimamisha bastola ndani ya kopo la kahawa, mtutu chini, na kwa kijiko cha chai akajaza dawa tundu moja moja mpaka juu. Jiko zima likanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mama Ola alikwenda akasimama kwenye sinki, akampa Vernell mgongo.

"Harufu haijabadilika," akasema.

Vernell akaiokota brashi sakafuni.

"Nilifanya kazi kwa Sherifu Hatley, yule mzungu mkuu wa polisi wa wilaya, miaka kumi na saba. Hosea anajua nilipika. Nilipika, nikafua, nikalea watoto wake wanne. Na kila Jumapili, wakienda kanisani kwao, aliniachia ile bastola mezani juu ya gazeti. 'Ola, ing'arishe.' Alinifundisha mwenyewe. Alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie. Alikuwa na subira. Alikuwa akipigia fupi mazoezini na ndefu kazini, basi kila Jumapili ukoko huo huo."

Akafungua bomba, akalifunga.

"Mwaka ule wa maandamano yetu ya kudai kura, sitini na tano, Jumapili moja nilikuta nywele zimenasa kwenye mpini. Nywele zetu, za watu weusi. Na damu imeganda kwenye skrubu. Nikasimama nazo. Nikazitoa moja moja, nikazitia kwenye mfuko wa aproni hii. Halafu nikakaa, nikasafisha matundu yote sita. Aliporudi akaitazama, akaniambia, 'Kazi nzuri, Ola.' Na mimi nikasema, 'Asante, bwana.' Miaka ishirini na miwili, Vernell. Hiyo asante bado imenikwama hapa."

Akajigusa koo.

"Ungefanyaje?" Vernell akasema taratibu. "Ulikuwa na watoto."

"Nilikuwa na watoto. Hosea na dada zake walikula kuku jioni ile. Nilizizika zile nywele nyuma ya kanisa letu, sikumwambia mtu. Nikafanya kazi pale miaka miwili zaidi." Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Niliapa sitashika tena kitu hicho. Jana nikamwona mwanangu na bisibisi. Na leo nimekuona wewe umekaa hapo unatazama brashi kama mtu aliyefiwa. Nikasema, mikono hii ilijifunza kazi hii kwa ubaya. Mara moja tu, ifanye kwa mtu wangu."

Vernell aliinuka, akaenda akasimama kando yake kwenye sinki, bega kwa bega, na walikaa hivyo mpaka Mama Ola aliposema kunde zinataka maji.

*

Mchana Mama Ola alichukua kisuguzi cha shaba cha masufuria. Kwanza akakipitishia sumaku iliyokuwa inabana karatasi kwenye mlango wa jokofu, aone kama kuna chuma ndani. Haikung'ang'ania. Akakata kipande, akakizungusha kwenye brashi mpaka ikanenepa, ikawa inaingia tunduni kwa kubana. Akasukuma huku akizungusha, ikatokea upande wa pili imejaa tope jeusi. Akafuta, akarudia. Alifanya kazi bila haraka, mdomo umefumbwa, na Vernell akawa anampa vitambaa na kupokea vichafu.

Saa saba na nusu lori la Hosea likasikika. Hakuwahi kuja nyumbani mchana. Aliingia kofia mkononi, akamwona mama yake na kile kitu mapajani, akasahau alichokuja kusema.

"Umefukuzwa?" Mama Ola akauliza bila kuinua macho.

"Hapana. Nimeomba ruhusa." Akatoa mfukoni maganda matupu matatu ya risasi, yale marefu. "Nimemwomba Otis wa msumenoni. Nilidhani angalau tuone kwa kipimo, kuliko kujaribia risasi yenyewe. Nimelazimika kumweleza mambo yote. Kiwanda kizima sasa wananiita Bwana Mtutu."

Vernell akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Hata mdomo wa Mama Ola ulicheza.

"Lete hapa, Bwana Mtutu," akasema bibi. "Na ulete patasi ya duara."

Akalipanua ganda moja mdomoni kidogo tu, kwa kugonga taratibu, likawa na ukingo mkali unaogusa kuta za tundu pande zote. Shaba ya ganda ni laini kuliko chuma, akaeleza, inakwangua ukoko na kuliacha tundu salama. Akalisukuma ndani, akalizungusha. Sauti ya mkwaruzo mkavu ikatoka, kama kijiko kwenye sufuria, na vipande vyeusi vikadondoka gazetini kama maganda ya ufuta.

"Hebu ona," Hosea akanong'ona. "Na mimi nilitaka bisibisi."

"Kaa. Sasa wewe. Mikono yangu si ya kijana."

Akakaa. Akazungusha kama alivyoelekezwa. Alipotumia nguvu, mama yake alimpiga kofi dogo mkononi. Tundu la tatu, la nne. Wakaloweka tena, wakala kunde na mkate wa mahindi barazani wakingoja, wakarudi. Wakati Hosea akifanya la tano, Vernell alimtazama Mama Ola, na Mama Ola akatikisa kichwa kukubali. Basi Vernell akamsimulia mumewe habari ya zile Jumapili, kwa maneno machache. Mikono ya Hosea ikasimama. 

"Kuku yule," akasema hatimaye. "Namkumbuka yule kuku, Mama. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nikalalamika kwamba umenipa shingo."

"Ulilalamika sana," akasema Mama Ola.

Hosea akainamisha kichwa, akarudia kuzungusha, polepole mno, kama anayemfuta mtoto uso.

Kitambaa cha mwisho kilipitishwa tundu la sita kikatoka cheupe. Mama Ola akakausha matundu yote, hakuacha hata tone la mafuta ndani. Akachukua ganda refu lisiloguswa, akaliachia juu ya tundu la kwanza. Tik. Likazama lote. Akapindua silinda, nalo likadondoka lenyewe kiganjani mwake. La pili, tik. Mpaka la sita. Chuma hakikuwa kimeliwa popote. Kuta zilikuwa laini, zinaonyesha mwanga.

Kisha akamshika Vernell mikono, akaitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, akaosha ile dawa, akaipaka mafuta ya mgando kidole kwa kidole, hata vile viwili visivyohisi.

"Ni nani aliyeila mikono hii namna hii?" akauliza.

"Kambare, Mama."

"Shenzi kambare."

*

Ijumaa Bwana Kirkland aliipokea bastola, akafungua silinda, akaielekeza kwenye jua. Alichungulia matundu yote sita. Akatia risasi ndefu yeye mwenyewe, sita, zikashuka bila kuguswa. Akazimwaga, akarudia.

"Umempelekea Gaddis?"

"Hapana, bwana. Yeye alisema chuma kimeliwa."

"Nani kaisafisha?"

"Mama mkwe wangu. Na mume wangu. Na mimi nilishika vitambaa."

"Huyo mama mkwe wako alikuwa jeshini?"

"Alikuwa mpishi, bwana."

Kirkland alimtazama kidogo kama anayetaka kuuliza zaidi. Labda umri wake ulimtosha kukisia kitu, labda hapana. Akamrudishia silaha kwa mpini mbele, kama inavyopaswa kwa askari mwenzako. "Mstarini, Bi Tolbert."

Zilitakiwa alama sabini. Alipata themanini na tano. Kila risasi sita zilipokwisha alisukuma kitoa maganda mara moja tu kwa kiganja, na yote sita yakamwagika miguuni kwake. Kijana Dewey, ambaye sasa alikuwa amekosa kazi, alimsogelea baadaye akasema, "Umepiga vizuri, mama," akaondoka haraka kabla hajajibiwa.

Nyumbani Mama Ola alikuwa anaanika shuka. Vernell alivuka uwanja na karatasi mkononi, na kabla hajafungua mdomo bibi alikwishaona.

"Basi isafishe kabla hujala," akasema, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. "Masizi ya leo bado laini."

"Nitasafisha. Mama?"

"Enhe."

"Asante."

Mama Ola akatoa kibanio mdomoni. Upepo uliinua shuka kati yao, ukaishusha. Alikuwa analia, kimya, bila kujifuta, na alikuwa akitabasamu pia.

"Haya," akasema. "Karibu, binti yangu. Karibu sana."

*

Jumanne ya wiki ya tatu kazini, saa nane mchana, Vernell alikuwa amesimama mlango mkuu wa hospitali katika sare ya bluu, kofia imenyooka, alipoliona lori la Hosea limesimama mbele. Mama Ola akashuka. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, glovu na kofia yenye ua. Alipanda ngazi polepole. Vernell akafungua mlango.

"Unaumwa, Mama? Kuna nini?"

"Siumwi."

Akaingia, akachagua kiti kinachotazama mlango, akakaa na mkoba mapajani. Wagonjwa waliingia, wakatoka. Vernell aliwaelekeza, akamsaidia mzee mmoja na kiti cha magurudumu, akamtuliza mlevi mmoja kwa maneno tu mpaka akakubali kukaa. Saa ikapita. Ya pili ikaanza. Msimamizi wa zamu, mzungu mwenye kalamu sikioni, alipita mara mbili, mara ya tatu akasimama.

"Yule bibi kizee pale. Ameandikishwa?"

"Hapana, bwana."

"Anaumwa nini, basi?"

"Haumwi kitu," Vernell akasema, na hakushusha sauti. "Ni mama yangu. Amekuja kunitazama."

Msimamizi akamtazama bibi, akamtazama mlinzi wake. Mama Ola akanyoosha mgongo kitini, akampungia mkono wenye glovu.